Gari la Halmashauri Likikujeruhi: Namna ya Kudai Fidia kwa Mujibu wa Sheria



Liko swali ambalo wananchi huuliza kwa sauti ya chini, baada ya mkutano wa hadhara kwisha na viti kuanza kukusanywa: je, mtu aliyegongwa na gari la Halmashauri anaweza kuishitaki Halmashauri? Huulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu wengi hudhani kuwa kudai ni kosa, au kwamba kesi ya namna hiyo haifunguliki. Jibu ni kwamba inawezekana, sheria imeruhusu, na njia ya kufuata inajulikana. Hata hivyo, njia hiyo ina masharti yake, na wengi wanaoshindwa hushindwa kwa kukosea masharti hata kama haki ilikuwa upande wao.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona jarida la Halmashauri likieleza namna ya kuidai Halmashauri. Kazi ya jarida hili ni kueleza huduma na haki za wakazi, na haki ya kufidiwa ni mojawapo. Ibara ya 107A ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaka Mahakama, inapoamua mashauri, itoe fidia ipasavyo kwa watu walioathirika kwa makosa ya wengine. Ibara hiyo haikuwatenga watu walioathirika kwa makosa ya taasisi ya umma.

Halmashauri ni "mtu" mbele ya sheria

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, iliyotungwa mwaka 1982, inaifanya Halmashauri ya Wilaya kuwa chombo chenye utu wa kisheria. Ina lakiri yake, inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Manispaa ya Tabora nayo, kama miji mingine, ina hadhi hiyo kupitia sheria mwenzake ya mamlaka za miji, Sura ya 288.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1788 huko Uingereza, mtu ambaye mkokoteni wake uliharibika kwa sababu ya daraja bovu aliwashitaki wakazi wa jimbo la Devon. Mahakama ilimkatalia. Moja ya sababu ilikuwa kwamba wakazi hao hawakuwa chombo cha kisheria, wala hawakuwa na mfuko wa pamoja wa kulipia fidia. Sisi hatuko hapo. Halmashauri ina jina, ina mfuko na ina Mkurugenzi Mtendaji wa kupokea barua ya madai.

Hapa nchini pia mlango haukuwa wazi siku zote. Kwa miaka mingi aliyetaka kuishitaki Serikali alipaswa kwanza kupata ridhaa ya Serikali yenyewe. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kuwa sharti hilo linapingana na Katiba, kwa kuwa linamzuia mwananchi kuifikia Mahakama. Mwaka uliofuata Bunge lilirekebisha sheria: ridhaa ikaondolewa, na mahali pake pakawekwa notisi ya siku 90. Notisi hiyo ndiyo kiini cha makala haya, nasi tutaifikia baada ya kueleza mambo yanayoitangulia.

Kwanza tambua wa kumdai

Wazee wetu waliokuwa wapagazi kwenye njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Unyanyembe hadi Ujiji, walijua kila kipande cha njia ni cha mtemi yupi. Msafara ulilipa hongo kwa mwenye eneo, nalo neno hilo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita. Kiongozi wa msafara aliyemlipa asiyehusika alijikuta akidaiwa tena mbele ya safari. Leo miembe ya njia ile bado ipo katika sehemu za mkoa wetu, lakini barabara zimegawanywa kwa namna nyingine. Anayedai fidia bila kujua mgawanyo huo hupoteza miezi akimwandikia asiyehusika.

Kama umejeruhiwa na gari la umma, anza na namba ya usajili. Herufi za mwanzo humtaja mwenye gari. Gari lenye herufi SM ni la Serikali za Mitaa, yaani Halmashauri. Herufi zinazoanza na ST ni za Serikali Kuu: wizara, idara na baadhi ya wakala. SU ni shirika la umma, na DFP ni mradi unaofadhiliwa na wahisani. Gari la wagonjwa, lori la taka, greda au gari la ukaguzi yote huweza kuonekana kama "magari ya Serikali", ila kwa ajili ya madai tofauti ya herufi 2 ni tofauti ya mdaiwa. Iandike namba nzima siku ileile, na mwombe shahidi naye aiandike.

Kama chanzo cha ajali ni barabara yenyewe, uliza barabara hiyo ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya kutoka Tabora kwenda Nzega au ile ya kutoka Manyoni kupitia Itigi, husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, TANROADS, ulioanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya mijini zilikuwa chini ya halmashauri hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Tangu wakati huo mkazi anayeishitaki Halmashauri kwa shimo au kalvati lililobomoka kwenye barabara ya TARURA anaweza kuambiwa mahakamani kwamba amemshika asiyehusika. Kama eneo lilikuwa la ujenzi, mkandarasi naye anaweza kuwa mdaiwa, hasa pale alipoacha shimo wazi bila alama wala uzio.

Ni vyema kusema ukweli kuhusu tofauti ya madai haya mawili. Dai dhidi ya dereva wa gari la umma hufuata kanuni iliyo wazi: mwajiri hubeba dhima ya uzembe wa mwajiriwa aliyekuwa akitekeleza kazi aliyotumwa. Dai la barabara mbovu ni gumu zaidi. Kwa asili yake, sheria ya madhara tuliyoirithi kutoka Uingereza imetofautisha mamlaka iliyofanya kazi vibaya na mamlaka iliyoacha tu kufanya matengenezo. Aliyechimba mtaro katikati ya barabara na kuuacha usiku bila alama ana mengi zaidi ya kujibu kuliko aliyekosa fedha za kufukia shimo lililochimbwa na mvua. Dai la aina ya pili halikatazwi, lakini mdai ajiandae kuthibitisha kwamba mamlaka ilijua hatari hiyo, au ilipaswa kuijua, na haikuchukua hatua.

Siku ya ajali na wiki za kwanza

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama Kulwa amepanda bodaboda akienda mnadani na madebe mawili ya asali. Lori la Halmashauri lenye namba ya SM, likisomba moramu, linatoka barabara ya pembeni bila kusimama na kuwagonga. Mwendesha bodaboda anachubuka. Mama Kulwa anavunjika nyonga, na asali yote inamwagika. Dereva wa lori, kijana mwenye huruma, anawapeleka hospitali, anatoa shilingi 200,000 mfukoni mwake na kusema, "Mama, naomba tuyamalize hapa kifamilia."

Utu huo ni wa kushukuriwa, lakini haumalizi jambo. Shilingi 200,000 hazitoshi kutibu nyonga, wala dereva hana mamlaka ya kuifungia Halmashauri mlango wa dhima au kuufungua. Mambo yafuatayo ndiyo yanayopaswa kufanyika.

Matibabu hutangulia kila kitu. Mara hali inaporuhusu, ajali iripotiwe kituo cha polisi, na majeruhi apatiwe fomu namba 3 ya Polisi, maarufu kwa jina la PF3, ambayo daktari huijaza akieleza majeraha. Polisi wa usalama barabarani hupima eneo, huchora ramani ya ajali na kukagua gari. Magari yakishaondolewa na mvua ikinyesha, alama za breki haziwezi kurudishwa. Ndugu wa majeruhi wanaweza kupiga picha za eneo, za gari na za namba yake kwa simu, na kuandika majina na vijiji vya walioshuhudia.

Hospitalini, iwe Kitete, Nkinga au zahanati ya kijiji, tunza kila karatasi: kadi, majibu ya picha za mionzi, cheti cha kuruhusiwa, maelekezo ya dawa na risiti za malipo. Tunza pia tiketi za basi za kwenda kliniki na risiti ya magongo au kiti cha magurudumu. Kama ulimlipa mtu akulimie shamba kwa sababu huwezi kushika jembe, mwombe aandike na kutia sahihi mbele ya mtendaji wa kijiji. Karatasi hizi ndizo zitakazosema kwa niaba yako miaka miwili baadaye, wakati wewe mwenyewe umesahau bei ya sindano.

Usitie sahihi hati yoyote ya kusema umeridhika kabla hujajua mwisho wa jeraha lako. Nyonga inayoonekana kupona baada ya miezi 3 huenda ikahitaji upasuaji mwakani. Kama hati imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, iombe uende nayo ukasomewe na mtu unayemwamini.

Kesi ya trafiki si kesi ya fidia

Wengi hungoja kesi ya trafiki wakiamini kwamba dereva akitiwa hatiani, fidia itafuata. Dereva akishitakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na kutozwa faini, faini hiyo huingia Serikalini. Mama Kulwa atarudi nyumbani na magongo yake bila senti. Fidia hupatikana kwa makubaliano au kwa shauri la madai, ambalo ni shauri jingine kabisa.

Kesi ya jinai hata hivyo ina manufaa. Hukumu ya mwisho iliyomtia dereva hatiani huweza kutumika katika shauri la madai kama ushahidi wa kosa lake. Omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu na ya ramani ya ajali. Lakini usikae ukingoja, kwani muda wa kudai hausimami kwa sababu kesi ya trafiki inaendelea. Wala dereva akiachiwa huru haina maana kwamba dai lako limekufa: kiwango cha uthibitisho katika madai ni cha chini kuliko katika jinai.

Notisi ya siku 90

Hapa ndipo mashauri mengi hukwama. Hakuna shauri linaloweza kufunguliwa dhidi ya Halmashauri kabla ya kuipatia notisi ya maandishi ya kusudio la kushitaki na siku 90 kupita. Zamani, kwa mamlaka za serikali za mitaa, muda huo ulikuwa mwezi mmoja, na bado wapo watu wanaowashauri jirani zao hivyo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2020. Leo muda ni siku 90, na shauri likifunguliwa siku ya 60 hutupwa hata kama madai yenyewe ni ya haki.

Notisi ipelekwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala zipelekwe kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Ofisi ya Wakili Mkuu, iliyoanzishwa mwaka 2018, ndiyo inayoitetea Serikali mahakamani. Nakala hizo ni sharti la sheria. Kama mdaiwa ni wakala kama TARURA au TANROADS, notisi ya siku 90 inahitajika vilevile, na Mwanasheria Mkuu apewe nakala.

Notisi haihitaji maneno makubwa. Inatakiwa kueleza bayana mambo haya: jina kamili la mdai na mahali anapoishi, hadi kijiji na kitongoji, tarehe, saa na mahali pa ajali, namba ya gari na jina la dereva kama linajulikana, kosa lililotendwa, majeraha na hasara iliyopatikana, na unafuu unaoombwa, pamoja na kiasi cha fedha. Ambatisha vivuli vya karatasi na utunze nakala halisi. Ipeleke mkononi ofisi ya masjala ya Halmashauri, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio uthibitisho kwamba siku 90 zimeanza kuhesabiwa. Mwandishi wa masjala ana wajibu wa kuipokea barua hiyo kama anavyopokea nyingine zote.

Siku hizo 90 si za kukaa kimya. Zimewekwa ili taasisi ichunguze, na ikiona imekosea, ilipe au izungumze na mdai bila pande zote kutumia fedha mahakamani. Kitengo cha Huduma za Sheria hupitia taarifa ya polisi, kitabu cha safari cha gari na maelezo ya dereva. Ukiitwa kwenye mazungumzo, nenda na mtu wa kukushauri. Makubaliano yakifikiwa yaandikwe, yataje kiasi na tarehe ya malipo, na yatiwe sahihi na wenye mamlaka.

Saa ya ukomo inaanza siku ya ajali

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kufungua shauri la madhara, ikihesabiwa tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa, ambayo kwa ajali ni siku ya ajali. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, imeweka mwaka 1 tu kwa madai ya fidia yatokanayo na jambo lililofanywa, au lililoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa. Upande wa mdaiwa unaweza kujenga hoja kwamba dai dhidi ya mamlaka ya umma limo katika kundi hilo la mwaka 1. Mkazi asijiingize katika mabishano hayo pasipo sababu. Busara ni kupeleka notisi ndani ya miezi 6 ya kwanza na kufungua shauri kabla mwaka haujakwisha.

Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu, usiozidi nusu ya ule uliowekwa, lakini hilo ni ombi wala si haki. Kwa mtoto mdogo sheria ina nafuu yake kuhusu ukomo. Pamoja na hayo, mzazi au mlezi anaweza kumfungulia shauri mapema akiwa rafiki wa karibu, na ni heri kufanya hivyo wakati mashahidi wangali wapo.

Mahakamani

Siku 90 zikipita bila suluhu, shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa wakazi wa mkoa wetu ni Masjala Ndogo ya Tabora, hivyo hapana haja ya kusafiri hadi Dodoma au Dar es Salaam. Katika hati ya madai Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kama mdaiwa pamoja na Halmashauri. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, kutomuunganisha kunaliharibu shauri zima. Kabla ya kusikilizwa, pande zote hupitishwa kwenye usuluhishi chini ya Mahakama.

Mdai anapaswa kuthibitisha mambo manne: kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliuvunja kwa uzembe, kwamba uzembe huo ndio ulioleta jeraha, na kwamba dereva alikuwa katika kazi ya mwajiri. Jambo hili la mwisho hubishaniwa sana. Dereva aliyetumwa kusomba moramu akapita njia ndefu kidogo bado yuko kazini. Aliyechukua gari Jumapili bila ruhusa kwenda harusini ni suala jingine. Kwa hiyo namba ya gari peke yake haitoshi: siku, saa na mzigo uliokuwemo ni ushahidi.

Fidia ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara mahsusi, yaani fedha zinazohesabika: matibabu, nauli, madebe mawili ya asali, mapato yaliyopotea. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe la mwaka 1992, ilisisitiza kuwa hasara ya aina hii lazima itajwe bayana katika hati ya madai na ithibitishwe. Mama Kulwa akisema asali yake ilikuwa ya shilingi 400,000 bila hati wala shahidi, huenda asipate chochote kwa kipengele hicho. Sehemu ya pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika. Hii hukadiriwa na Mahakama yenyewe kwa kutoa sababu, na taarifa ya daktari kuhusu kiwango cha ulemavu huwa na uzito mkubwa.

Mahakama pia huangalia mchango wa mdai katika ajali. Kama bodaboda ilibeba abiria watatu usiku bila taa, fidia inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya kosa hilo. Kama majeruhi alifariki, wategemezi wake wana haki ya kudai chini ya sheria ya ajali zenye vifo, Sura ya 310. Ikiwa aliyejeruhiwa ni mtumishi aliyekuwa kazini, aanze kwa mwajiri wake na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Na kama gari jingine la mtu binafsi lilihusika, sheria inalilazimu kuwa na bima ya mtu wa tatu. Andika namba ya stika yake na uitaarifu kampuni ya bima mapema, kwa maandishi.

Baada ya hukumu

Mkazi ajue mapema kwamba ushindi dhidi ya taasisi ya umma haukaziwi kwa kukamata mali. Dalali wa Mahakama hawezi kuliuza gari la wagonjwa ili kulipa deni. Mshindi huomba Mahakama hati inayoonyesha kiasi kinachodaiwa, huiwasilisha serikalini, na malipo hufanyika kwa utaratibu wa fedha za umma. Huchukua muda, na ufuatiliaji wa maandishi unahitajika. Hii ni sababu nyingine ya kuyapa mazungumzo ya siku 90 uzito wake.

Asiyemudu wakili afanye nini?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua watoa msaada wa kisheria pamoja na wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika kata. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Halmashauri anaweza kukuelekeza waliosajiliwa katika eneo letu. Msaidizi wa kisheria hatakusimamia Mahakama Kuu, lakini atakusaidia kupanga karatasi, kuelewa notisi na kumfikia wakili. Asiye na uwezo anaweza pia kuiomba Mahakama imsamehe ada. Jihadhari na watu wanaozunguka wodini wakiahidi "kusimamia mafao" kwa nusu ya fidia. Dai kuona kitambulisho cha uwakili, na usimpe mtu karatasi halisi.

Neno la mwisho

Fidia inayolipwa na Halmashauri hutoka katika mfuko uleule unaojazwa na ushuru wa tumbaku, wa mpunga na wa masoko yetu. Ndiyo maana Halmashauri italihoji kila dai na kutaka ushahidi, na mdai asichukulie kuhojiwa huko kuwa ni uadui. Ndiyo maana vilevile kila mkazi ana sababu ya kutaka magari ya Halmashauri yaendeshwe kwa uangalifu. Ukiona gari la SM likienda kasi mbele ya shule, au shimo la ujenzi lililoachwa bila alama, toa taarifa kwa mtendaji wa kata au kwa diwani, na ikiwezekana kwa maandishi. Taarifa hiyo inaweza kuzuia ajali. Ajali ikitokea licha ya taarifa, barua yako yenye muhuri itaonyesha kwamba hatari ilijulikana.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili juu ya tukio lako. Mwenye swali afike ofisi ya mtendaji wa kata yake au Kitengo cha Huduma za Sheria makao makuu ya Halmashauri, siku za kazi. Aje na karatasi zake, na aulize kwa sauti yake ya kawaida.